Kusema siasa mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mengi ni ya vijana wa Mombasa, machache yamevuka mpaka kutoka Tanga na Dar es Salaam. Majibu yanahusu zaidi Kenya na Tanzania, maana sheria za nchi hizo ndizo ninazozifuatilia. Haya si maneno ya wakili. Kama tayari umeitwa kituoni, acha kusoma hapa, mtafute wakili kwanza.

Kelele za mtandaoni zimewahi kubadilisha kitu kweli?

Zimewahi, na mfano mzuri hauko mbali. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na tozo ya mazingira ambayo watu waliona mapema kwamba ingegusa pedi na nepi. Mswada kama huo huletwa kila mwaka, na miaka yote wanaousoma ni wahasibu na mawakili. Mwaka ule ulisomwa na vijana. Waliukatakata vipande vya video fupi za TikTok, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wengine wakaunda programu ya akili bandia unayoiuliza kifungu fulani kinasemaje nayo ikakujibu. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kufungua tovuti ya Bunge maishani mwake, alinisomea kifungu cha mafuta ya kupikia kutoka kwenye simu yake, na akanisahihisha nilipokosea asilimia.

Kisha namba za simu za wabunge zikaanza kuzunguka na neno “kusalimia” likapata maana mpya. Mbunge alisalimiwa kwa SMS na simu usiku kucha hadi akazima. Tarehe 18 Juni watu waliingia barabarani Nairobi, na siku hiyohiyo VAT ya mkate ikaondolewa. Tarehe 20 wabunge 204 waliunga mkono mswada dhidi ya 115. Tarehe 25 ulipitishwa kwa kura 195 kwa 106, waandamanaji wakaingia Bunge, polisi wakapiga risasi. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Anayesimulia ushindi ule bila kutaja idadi hiyo hasimulii kisa chote.

Kwa nini kelele zile zilifaulu? Wengi husema ni wingi wa vijana au hasira yao. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba zilikuwa na pa kushika. Kulikuwa na karatasi yenye vifungu, siku ya kura inayojulikana, majina ya wanaopiga kura, na mwaka wa fedha unaoisha tarehe 30 Juni. Mtu wa Kisumu na mtu wa Likoni walidai jambo moja kwa siku moja, na yeyote angeweza kujua jioni ile kama wamelipata.

Mbona Tanzania haikuwa hivyo?

Aprili 2018 Mange Kimambi, mwanaharakati wa Kitanzania, akiwa Marekani, aliwaita watu kupitia Instagram waandamane tarehe 26, Siku ya Muungano. Alikuwa na wafuasi wengi mno. Siku ilipofika, barabara zilijaa askari, na waliojitokeza walikuwa wachache, wakakamatwa. Wapo waliocheka kwamba Watanzania ni waoga. Sikubaliani nao. Mwito ule ulidai mambo mengi kwa pamoja, haukulenga mlango mmoja ambao ungeweza kusukumwa ukafunguka, na aliyeutoa hangekuwepo kupigwa virungu.

Miaka saba baadaye, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko. Intaneti ilizimwa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa, idadi yao ikiwa bado inabishaniwa. Kwa hiyo anayedai kwamba watu wa nchi fulani “si wa kuandamana” atafute maelezo mengine.

Mambo haya yalianza na Gen Z?

La. Baada ya uchaguzi wa 2007, Kenya ikiwaka moto na matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, Wakenya wachache walijenga tovuti ya kupokea SMS na ripoti za ghasia na kuziweka kwenye ramani. Wakaiita Ushahidi. Hiyo ni Januari 2008, wakati simu ya mwananchi wa kawaida ilikuwa ya tochi.

Katiba inanilinda kiasi gani?

Kenya, ibara ya 33 inakupa uhuru wa kujieleza, na ibara ya 37 haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Ibara hiyohiyo ya 33 inasema uhuru huo haufiki kwenye propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala kauli za chuki, na inakutaka uheshimu haki na jina la mwenzio. Tanzania ni ibara ya 18, inayotaja pia haki ya kutafuta na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Ukiisoma, endelea hadi ya 30, maana huko ndiko haki hizo zinakowekewa mipaka.

Kwenye karatasi nchi hizi mbili hazipishani sana. Tofauti iko mahakamani. Kenya, mtu aliyeshtakiwa kwa sababu ya chapisho amewahi kwenda Mahakama Kuu akaliua kosa lenyewe. Mwaka 2016 kilifutwa kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kile cha “matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano” ambacho polisi walikipenda kwa kuwa kilimeza kila kitu. Mwaka 2017 likafuata kosa la jinai la kumkashifu mtu. Mwaka huohuo kikaondoka kifungu cha kudunisha mamlaka ya mtumishi wa umma. Uganda nayo, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichowatia wengi ndani kwa “mawasiliano ya kuudhi”.

Basi naweza kuandika kwamba mbunge wangu ni mwizi?

Kenya hutafungwa kwa kashfa. Lakini anaweza kukushtaki madai, na mahakama ikakuamuru umlipe pesa ambazo huna. Neno “mwizi” ni dai la jambo lililotendeka, na anayedai huulizwa ushahidi. Andika unachoweza kukionyesha: ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka fulani, ukurasa fulani, inasema fedha za barabara hii hazina stakabadhi, na barabara ndiyo hii, picha hii nimepiga leo. Msomaji atalifikia lile neno mwenyewe. Zaidi ya hayo, chapisho la namna hiyo humkera mheshimiwa kuliko tusi, kwa sababu tusi analijibu kwa tusi.

Na matusi?

Tusi lina tabia ya kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Kwa nini umpe mtu nafasi hiyo?

Kauli ya chuki inaanzia wapi? Mbona neno moja huku ni utani na kule ni kesi?

Neno peke yake halitoshi kukujibu. Chukua “madoadoa”. Kwa mpishi ni doa za ndizi mbivu, kwa mfugaji ni rangi ya mbuzi. Bonde la Ufa nchini Kenya, watu waliookota maiti mwaka 1992 na mwaka 2008 wanajua maana yake nyingine: walio wa kabila tofauti, wanaotakiwa waondolewe. Januari 2022 seneta mmoja alilitamka jukwaani Eldoret akakamatwa. Miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kitaifa ikatoa orodha ya maneno ya kuepukwa, likiwemo hilo pamoja na “kwekwe” na “mende”. Ikaongeza hata “sipangwingwi” na “hatupangwingwi”, maneno ya wimbo na kampeni yenye maana ya “sipangwi” na “hatupangwi”, na hapo Mahakama Kuu ikasema hapana. Nilifurahia uamuzi ule. Tume iliyoona hatari kwenye “kwekwe” ilisikia sawasawa. Lakini kumzuia mtu asiseme hapangwi ni kuogopa wapigakura.

Adhabu ya kauli ya chuki chini ya kifungu cha 13 cha sheria ya tume hiyo ni faini isiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Jiulize: chapisho langu linamshambulia mtu kwa alichofanya, au kwa kabila na dini aliyozaliwa nayo? Ukijibu kwa ukweli, utajua uko upande gani.

Nilifowadi tu, sikuandika mimi. Nina kosa?

Unaweza kuwa nalo. Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinashika kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kudanganya umma. Faini yake ni kuanzia shilingi milioni tano za Tanzania, au jela kuanzia miaka mitatu, au vyote. Angalia neno “kuanzia”: sheria imeweka kima cha chini, hakimu hawezi kushuka hapo hata akikuonea huruma. Kenya vifungu vya uongo, cha 22 na 23 vya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, vimepiganiwa mahakamani tangu mwaka huohuo sheria ilipotoka, na Chama cha Wanablogu cha Kenya, BAKE, ndicho kilichoanzisha vita hivyo.

Oktoba 2025 sheria hiyo ya Kenya ilifanyiwa marekebisho, kosa la unyanyasaji wa mtandaoni likapanuliwa. Adhabu ya kosa hilo inafika shilingi milioni 20 au miaka 10. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu zilizopingwa za kifungu cha 27, chenye kosa hilo.

Kuhusu grupu la familia, ambako ujumbe huja umeandikwa “imesambazwa mara nyingi”: usiutume mpaka ujue nani wa kwanza. Mjomba atanuna, atapona.

Nikitumia jina bandia niko salama?

Salama kidogo, kwa watu wa kawaida. Kwa serikali, laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho, na akaunti yako imefunguliwa kwa laini hiyo. Kinachobaki ni kama aliye katikati atakataa kukutaja. Tanzania Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 kwa sababu hakutaka kukabidhi taarifa za watumiaji wake. Alizunguka mahakama ya Kisutu kwa zaidi ya miaka mitatu, na Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini milioni tatu au mwaka mmoja jela. Jukwaa lake lenyewe lilisitishiwa leseni siku 90 mnamo Septemba 2025. Wenye mitandao wengi hawatabeba mzigo ule kwa ajili yako.

Kenya, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa machapisho ya X yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi na kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili walikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na michubuko mwilini. Nilipoulizwa swali hili wiki ile, sikuwa na jibu la kumpa kijana aliyeniuliza, zaidi ya kumwambia asikae na siri hiyo peke yake: mtu mmoja wa karibu ajue anachoandika, na ajue namba ya wakili.

VPN, ile programu inayoficha unakoingilia mtandaoni, ni halali?

Kenya, ndiyo. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wasajili VPN zao kabla ya tarehe 30 Oktoba 2023. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, X ikafungwa nchini humo. Viongozi kadhaa waliendelea kuposti huko huko X, na kila mtu alijua wanaingiaje.

Intaneti inazimwa vipi hasa? Kuna swichi?

Hakuna swichi moja. Kuna kampuni chache zenye leseni, na mamlaka inayoweza kuichukua leseni hiyo. Barua au simu moja inatosha. Njia ya upole ni kufunga anwani za mitandao michache. Ya kati ni kupunguza kasi mpaka video haipandi. Ya mwisho ni kukata data yote. Kongo ya Kinshasa ilikata kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu, kura zikihesabiwa. Uganda ilikata Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, siku tano. Huko Uganda walikuwa wameanza na njia ya mfukoni: kuanzia Julai 2018 kila mtu alilipa shilingi 200 kwa siku kufungua WhatsApp au Facebook. Kodi hiyo ilifutwa 2021, ikaja asilimia 12 kwenye bando.

Kenya iliyumba tarehe 25 Juni 2024, mchana uleule Bunge lilipoingiliwa. Kampuni ya simu ilisema ni nyaya za chini ya bahari zimepata hitilafu. Nyaya zina siku zake, lakini siku ile zilichagua saa. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa amri ya muda ya kuzuia intaneti isizimwe.

Anayeumia kwanza siyo mwanaharakati. Ni mama muuza samaki anayelipwa kwa simu, dereva wa bodaboda wa programu, na mgonjwa anayesubiri kutumiwa pesa za dawa.

Kwa nini mtandao ulifuta chapisho langu la Kiswahili lisilo na kosa?

Huenda mashine haikulielewa. Kwa miaka kadhaa Facebook ilitegemea wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi kuchuja lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Walitazama mauaji na ubakaji siku nzima kwa ujira mdogo, wakaishia mahakamani kudai haki zao, na Sama ikaacha kazi hiyo 2023. Kumfundisha mtu wa mbali kwamba “nitakuua kwa kicheko” si tishio ni kazi. Kuifundisha mashine ni kazi zaidi. Kata rufaa kupitia programu yenyewe, na weka nakala ya chapisho kabla halijapotea.

Hashtegi ikiwa ya kwanza nchini, ina maana watu wengi wanaiunga mkono?

Si lazima. Wengine wamelipwa. Utafiti wa Mozilla wa 2021 ulieleza jinsi vijana wa Kenya walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 kusukuma hashtegi za kuwachafua majaji na wanaharakati. Tanzania wana neno zuri kuliko yote kwa kazi hiyo: chawa. Dalili ni rahisi. Akaunti mia moja zinasema sentensi ileile kwa dakika tano, na ukiuliza swali hakuna anayejibu, maana hakuna aliyelipwa kujibu.

Nirekodi vipi maandamano bila kumponza mtu?

Piga kwa upana, shika simu kwa ulalo, tamka mahali na saa. Onyesha jengo au kibao cha barabara ili mtu mwingine athibitishe. Video za watu wa kawaida za Juni 2024 ndizo waandishi wa uchunguzi wa BBC walizozitumia 2025 kutambua askari waliofyatua risasi Bungeni. Usiihariri ile ya asili, mpe nakala mtu wa pili siku hiyohiyo.

Nyuso za waandamanaji zifiche kabla ya kuposti. Picha unayomsifia nayo shujaa leo ndiyo itakayobandikwa kwenye jalada lake kesho. Na kwa kituo cha televisheni, tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo, lakini mitambo ya baadhi ya vituo ilikuwa imeshazimwa.

Nahitaji kibali kuandamana?

Kenya ni taarifa kwa polisi, si kibali. Itolewe siku zisizopungua tatu wala kuzidi 14 kabla. Ofisa anayekwambia “hatujakuruhusu” anajibu swali ambalo sheria haikumuuliza.

Nikikamatwa?

Sema jina lako, kisha nyamaza. Uliza kosa. Omba kumwita wakili. Usitoe nenosiri la simu bila wakili kuwepo. Na afadhali simu yenyewe ifungwe kwa namba ndefu, maana kidole na uso vinaweza kutumiwa kwa nguvu. Kenya unatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kazi inayofuata. Ndugu waulize namba ya OB (daftari la matukio la polisi) na jina la kituo, wasiondoke bila kuviandika. Ukichukuliwa na watu wasiojitambulisha kwenye gari lisilo na alama, piga kelele jina lako kamili na jina la mtu wa kupigiwa. Aliye barabarani akisikia, jina hilo litafika mtandaoni kabla ya gari kufika linakokwenda, na mara kadhaa hilo ndilo lililomrudisha mtu nyumbani.

Niko Muscat, Doha au Dubai. Naweza kuposti siasa za nyumbani?

Unafuata sheria ya ulipo, na huko sheria za mtandao ni kali. Mlinzi mmoja Mkenya alikamatwa Qatar Mei 2021. Alikuwa akiandika mtandaoni, kwa jina la kubuni, kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Alifungiwa peke yake wiki kadhaa, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Siasa za Nairobi zinaweza kuvumiliwa. Za mwajiri wako, mshahara wako na kitanda chako kambini, hapana. Pasipoti mara nyingi iko kwa mwajiri, na hilo hubadilisha hesabu yote.

Nikifuta chapisho, limekwisha?

Hapana. Kuna aliyelipiga picha ya skrini kabla hujajuta.